Kulipa Deni Hakufuti Kumbukumbu: Namna Mkopaji Anavyoweza Kurejesha Sifa ya Kukopesheka

Mfanyabiashara wa Mbagala, wilayani Temeke, au wa Tegeta, wilayani Kinondoni, anapoomba mkopo benki, afisa mikopo hatosheki kuliona duka lake. Hutazama pia taarifa zake za mikopo. Taarifa hizo hutoka katika kanzidata inayosimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania (BoT) kwa mujibu wa kanuni, na ripoti huandaliwa na kampuni zenye leseni, miongoni mwao Creditinfo Tanzania.

Wengi hudhani kwamba deni likiisha, kumbukumbu ya kuchelewa nayo hufutika. Sivyo. Mkopo uliokuwa chechefu husomeka kuwa umelipwa, lakini ucheleweshaji uliotangulia huendelea kuonekana kwa muda. Kinachorudisha imani ya mkopeshaji ni marejesho yanayofanyika kwa wakati, mwezi baada ya mwezi, hata kwa mkopo mdogo. Mkopo wa simu unaotolewa na benki nao ni mkopo wa benki. Shilingi 20,000 zilizosahaulika zinaweza kumharibia mtu sifa.

Kosa linalogharimu zaidi ni kukopa "kausha damu" ili kulipa rejesho la benki. Mkopeshaji asiye na leseni hapeleki taarifa popote, hivyo aliyemlipa kwa uaminifu hapati alama yoyote njema, ilhali fedha ya rejesho linalofuata imekwisha kuliwa na riba. Kwa watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili, waliosajiliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, BoT imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani shilingi 17,500 kwa mkopo wa shilingi 500,000. Anayetozwa zaidi ya hapo ana sababu ya kuulizia leseni. Novemba 2024, BoT ilitangaza programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali.

Aliyeelemewa anashauriwa kufika benki kabla ya tarehe ya rejesho, si baada ya kupigiwa simu, na kuomba ratiba ya malipo ipangwe upya. Makubaliano hayo yawe ya maandishi. Ahadi ya mdomo ya afisa aliyehamishwa tawi haina msaada.

Deni likiisha, mkopaji achukue barua ya kuthibitisha kwamba hadaiwi na atunze risiti zake. Baada ya hapo aombe ripoti yake, kwani ana haki ya kuiona na kutaka kilichokosewa kisahihishwe. Si ajabu mkopo uliolipwa kuendelea kusomeka kuwa unadaiwa kwa sababu tu mkopeshaji hajapeleka taarifa mpya. Malalamiko huanzia kwa mkopeshaji mwenyewe, kwa maandishi. Yasipopatiwa ufumbuzi, hupelekwa katika dawati la malalamiko la BoT yakiambatana na nakala za barua na risiti.