Swali Asiloulizwa Mzazi

Waingereza walipoichukua West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mwaka 1914 na kujenga boma Arua, kilichowashughulisha kilikuwa kodi, barabara na vijana wa kuandikishwa jeshini. Mama aliyejifungua hakuwamo katika daftari zao. Kumbukumbu zake aliziweka mwenyewe. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi na Walugbara wa eneo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950, alibaini kuwa mara nyingi mama ndiye aliyempa mtoto jina, na majina mengi yalitaja misiba, ufukara na ugomvi wa ukweni. Wanawake waitwao Candiru huko Arua, ambao mpaka leo si wachache, wamebeba dhiki ya mama zao katika majina. Kwangu mimi, hiyo ndiyo rekodi ya kwanza ya huzuni ya wazazi katika nchi ile, na hakuna mganga wa serikali aliyeisoma.

Tiba ya akili ilipokuja, ilikuja kama kufuli. Hospitali ya Butabika ilifunguliwa mwaka 1955 karibu na Kampala, karibu kilomita 500 kutoka Arua. Mama anayelia usiku huku mtoto ananyonya vizuri, nani angempakia basi kumpeleka huko? Alibaki nyumbani, akaambiwa ajikaze.

Hata hivyo swali sahihi liliulizwa Uganda hiihii. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, aliwachunguza wajawazito 263 wa vijiji vya karibu na Kampala, kisha akawafuatilia wengi wao baada ya kujifungua. Baganda walimweleza kuhusu amakiro, maradhi ya mzazi yaliyosemekana kuletwa na uzinzi wakati wa ujauzito. Tafsiri hiyo ilimgeuza mgonjwa kuwa mtuhumiwa, na fikra za namna hiyo hazijaisha. Lakini Cox aliona pia sonona ya kawaida, isiyo na kelele, kwa takriban mzazi mmoja kati ya kumi. Baadaye, akiwa Uskoti, aliendeleza kazi hiyo, na mwaka 1987 yeye na wenzake wakachapisha hojaji ya Edinburgh: maswali kumi kuhusu siku saba zilizopita. Je, umeweza kucheka? Umejilaumu bila sababu? Umewahi kuwaza kujidhuru? Leo hutumika duniani kote.

Na wanawake wa Koboko na Arua walikuwa wapi wakati huo? Idi Amin alikuwa ameanguka mwaka 1979, na mwaka uliofuata jeshi jipya likawalipizia kisasi watu wa nyumbani kwake, West Nile. Juni 1981 raia waliuawa hata ndani ya misheni ya Ombaci, karibu na Arua. Umati ulivuka kwenda Sudan na Zaire, na wanawake wakajifungulia njiani na makambini. Maswali kumi yalipochapishwa, wengi ndio kwanza walikuwa wanarejea kwenye mashamba yaliyogeuka pori.

Kisha mkondo ukageuka. Kuanzia 2013, na zaidi 2016, Wasudani Kusini walimiminika West Nile, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 2017, kwenye makazi ya Rhino Camp, wanawake 694 walishiriki jaribio la msaada wa kisaikolojia. Nusu ya vijiji vya makazi vilivyoshiriki ilipata mikutano mitano: kina mama wamekaa kwa makundi, sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba inawaelekeza, na anayeongoza si daktari bali mwanamke aliyepewa mafunzo mafupi. Dhiki ilipungua, ingawa baada ya miezi mitatu nafuu haikuwa kubwa kama mwanzoni. Halikuwa jaribio la wazazi peke yao, lakini lilionyesha kuwa uhaba wa madaktari wa akili si kisingizio.

Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 imeiondoa ile ya 1964, na hospitali ya rufaa ya Arua ina kitengo chake. Ni vyema, ila mzazi haanzii huko. Anaonekana kliniki wiki ya 6, ya 10 na ya 14, mtoto anapochanjwa. Mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, uzito unaandikwa, mama anaambiwa tarehe ya kurudi. Maswali kumi hayachukui hata dakika kumi, na mkunga anaweza kuyauliza kwa Kilugbara au Kikakwa, mradi awe na pa kumpeleka atakayejibu ndiyo kwa lile la mwisho, la kujidhuru.