Nuru, Maji na Tumbaku: Tarehe ya Kung'arisha Meno katika Miji Mitatu ya Marekani

Katika muda wa miaka mitano tu, miji mitatu ya Marekani ilijipatia, kila mmoja, chuo chake cha utabibu wa meno: Louisville, katika jimbo la Kentucky, mwaka 1887, Columbus, makao makuu ya jimbo la Ohio, mwaka 1890, na Buffalo, ukingoni mwa Ziwa Erie, mwaka 1892. Kabla ya hapo fundi wa meno aghalabu alijifunza kwa kumtazama fundi mwingine, ijapokuwa Ohio ilikwisha kutangulia, kwani huko Bainbridge, kusini ya Columbus, John Harris alikuwa akiwafundisha wanafunzi tangu miaka ya 1820. Naitaja miji hii, si kwa kuwa kazi ya kung'arisha meno kwa leza ilizaliwa humo, bali kwa kuwa tarehe ya miji yenyewe, mtu akiichungua, humfunulia mambo yanayoamua kama jino litakuwa jeupe au halitakuwa, na mengi ya mambo hayo hayamo katika chombo cha nuru.

Dawa ndiyo iliyotangulia, na nuru ikafuata. Mfaransa Louis Jacques Thénard aliipata haidrojeni peroksaidi mwaka 1818. Katikati ya karne ile matabibu wa Kimarekani walikuwa wakiyapausha meno yaliyokufa kwa dawa za klorini, na ilipofika 1884 peroksaidi nayo ikaanza kutajwa katika kazi hiyo. Dawa hii hupenya enameli, yaani tabaka gumu la nje, ikafika hata katika dentini iliyo chini yake, na humo oksijeni yake huzivunjavunja chembe za rangi mpaka zikafifia. Buffalo ulipokea umeme wa maporomoko ya Niagara mwezi wa Novemba 1896, na katika maonyesho makubwa ya mwaka 1901 taa zake ziliwastaajabisha wageni waliotoka pande nyingi za dunia. Katika zama zilizoitukuza taa namna hiyo, haikuwa ajabu kwamba mafundi wa meno nao waliitazamia msaada, na mwaka 1918 ikaelezwa jinsi ya kuiharakisha peroksaidi kwa nuru kali na joto. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwezi wa Mei 1960, na mwaka 1996 serikali ya Marekani ikaridhia leza zitumike katika kupausha meno.

Ama nuru ile haina weupe wa kumgawia mtu. Kazi yake ni kuipasha dawa joto ili itende upesi, na joto hilo lina mpaka wake, kwa maana mwaka 1965 Zach na Cohen walionyesha, kwa majaribio ya kima, kwamba joto la kiini cha jino likipanda kwa kiasi cha nyuzi 5.5 za Selsiasi, baadhi ya viini hivyo haviponi tena. Wanaouza kazi hii wangemfanyia mteja insafu lau wangemwambia wazi kwamba nguvu ya peroksaidi, muda inaokaa juu ya jino, na asili ya doa lenyewe, vina taathira kubwa kuliko aina ya taa. Tena kwamba sehemu ya weupe anaouona kiooni akiinuka kitini ni ukavu tu, kwani jino lililokauka huonekana jeupe kupita kiasi, na mate yakisha kulirudia, kwa siku moja mbili, rangi hurudi nyuma kidogo.

Louisville uliishi kwa tumbaku. Kampuni ya Brown & Williamson ilikuwa na makao yake makuu mjini humo kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, na mashamba ya Kentucky yalijaa tumbaku ya burley. Doa la tumbaku, kama lile la chai na kahawa, na kama wekundu wa tambuu waliokuwa nao wazee wetu wa Mombasa na Unguja, huanzia juu ya jino. Husafishwa kwanza kwa vyombo, kisha unjano uliosalia huitii dawa vizuri, maadamu mtu hairudii sigara yake jioni ile ile.

Columbus ndio unaonigusa moyo zaidi. Mji ule una jamii kubwa sana ya Wasomali, na tangu mwaka 2003 uliwapokea pia Wabantu wa Kisomali, ambao wengi wao walipitia kambi ya Kakuma, katika nchi ya Turkana, ambako maji ya visima yana floridi nyingi, ambayo hutia meno mabaka. Habari hii ya floridi ina nasaba ndefu. Mwaka 1901 tabibu kijana, Frederick McKay, alifika Colorado Springs akawakuta wenyeji wana meno yenye mabaka ya kahawia. Alifanya uchunguzi, na tangu 1909 akashirikiana na Greene Vardiman Black, bingwa wa utabibu wa meno wa zama zile, lakini sababu haikujulikana mpaka mwaka 1931, mkemia Churchill alipoigundua floridi ndani ya maji. Afrika Mashariki tunalijua doa hilo katika Bonde la Ufa, na khususan kandokando ya Mlima Meru, ambako mto wa Maji ya Chai na visima vingi hupita mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na ambako magadi yatiwayo katika maharage huongeza mzigo juu ya mzigo. Watoto wamechekwa kwa meno hayo, wakaambiwa hawapigi mswaki, ilhali doa limeingia katika enameli wakati jino lilipokuwa likiumbwa ndani ya ufizi, kabla ya umri wa miaka minane, na hapana mswaki wa kulifikia.

Mtu wa namna hii akilala chini ya leza, sehemu zake nyeupe huzidi weupe na mabaka ya kahawia hubakia, hata tofauti ikaonekana zaidi kuliko kabla. Tabibu anayemwuliza alikunywa maji ya wapi utotoni, kabla ya kuwasha chombo, humwandalia njia nyingine: humsugua meno kwanza kwa dawa ya asidi, ufundi ambao Walter Kane aliutumia huko huko Colorado Springs mwaka 1916, kisha ndipo akapausha. Meno yaliyotiwa ujivu na dawa ya tetrasaiklini, ambayo watoto walipewa kabla ya madhara yake kufahamika, ni magumu zaidi, na huenda yakahitaji miezi.

Buffalo ulipatwa na msiba wa kinyume. Mwaka 2015 mji uliacha kutia floridi katika maji ya mifereji, kwa kiasi kile kidogo kikingacho meno, na wananchi hawakuwa na habari mpaka Januari 2023, gazeti la Buffalo News lilipoitangaza. Meno yaliyokosa kinga huoza upesi, nayo yakioza huzibwa. Na kizibo, kiwe cha resini au cha kauri, hakibadiliki kwa peroksaidi wala kwa leza. Kwa hiyo mwenye meno ya mbele yaliyozibwa, akiyang'arisha, hubakiwa na mabaka ya rangi yake ya zamani. Tabibu mwangalifu humpausha kwanza, akamngoja kama wiki mbili, kwa kuwa gundi haishiki vyema katika jino ambalo oksijeni ya dawa haijatoka, ndipo akavitoa vile vizibo na kutia vingine vinavyolingana na rangi mpya.