Mizani

Katika mpira wa Marekani husemwa kwamba mpango wa fainali unahitaji mizani kati ya kukimbia na mpira na kurusha pasi. Wengi husikia hapo usawa wa hesabu, nusu kwa nusu. Sivyo. Usawa huhesabu, mizani hupima uzito.

Chukua fainali ya Super Bowl ya Februari 1, 2015. Marshawn Lynch wa Seattle Seahawks alikimbia na mpira mara 24; mwenzake Russell Wilson alirusha pasi 21. Idadi zilikaribiana. Lakini zikiwa zimebaki sekunde 26, Seattle wakiwa yadi moja tu kutoka mstari wa goli, walichagua pasi. Malcolm Butler wa New England Patriots akaidaka, na timu yake ikashinda 28–24. Uamuzi huo unabishaniwa hadi leo, na hoja haijawahi kuwa idadi.

Mbio huwavuta mabeki mbele, pasi ikapata nafasi nyuma yao. Pasi huwatawanya, njia ya mbio ikafunguka. Kila moja huipa nyingine uzito. Basi tuseme usawa tunapohesabu, na mizani tuiache ipime.