Kasisi Kijijini na Mjini: Historia ya Kicheko cha Televisheni juu ya Kanisa la Uingereza

Mwanahistoria wa dini amezoea kutafuta ushahidi wake katika kumbukumbu za sinodi, barua za maaskofu na daftari za ubatizo. Ni mara chache afikiriapo kuutafuta katika vichekesho vya televisheni. Hata hivyo, jamii huacha alama zake si pale tu inaposali au inapogombana, bali pia pale inapocheka. Katika makala haya tutachunguza futuhi tatu zilizoonyeshwa na shirika la BBC kati ya mwaka 1966 na 2014, ambazo zote zinahusu maisha ya makasisi wa Kanisa la Uingereza. Swali letu ni hili: je, kicheko kile kililibomoa Kanisa, au kililitetea?

Mila zetu zinatupatia njia ya kulikabili swali hilo. Katika jamii nyingi za Kiafrika, mtani anaruhusiwa kumcheka marehemu mbele ya maiti yake, kuutaja uchoyo wake na madeni yake, na wafiwa hawawezi kumkasirikia. Lakini mtani huyo huyo ndiye ashikaye jembe na kuchimba kaburi. Dhihaka yake ni sehemu ya wajibu wake. Basi tunapoitazama televisheni ya Uingereza ikilidhihaki Kanisa, yatupasa kuuliza pia ni kazi gani ambayo dhihaka hiyo iliifanya.

Futuhi ya kwanza iliitwa All Gas and Gaiters. Iliandikwa na Pauline Devaney na Edwin Apps, ikaanza mwaka 1966 na kumalizika mwaka 1971. Wahusika wake wakuu ni askofu apendaye raha, archidikoni mzee, na padri kijana msaidizi wa askofu, aliyeigizwa na Derek Nimmo, ambaye hawezi kutamka neno pasipo kubabaika. Adui yao ni mkuu wa kanisa kuu, mtu wa sheria na nidhamu. Kabla ya hapo makasisi walikuwa wamechekwa katika riwaya na katika michezo ya jukwaani. Kilichochekwa pale kilikuwa uvivu wa watu wenye nafasi: vyumba vikubwa, divai nzuri, na ugomvi mdogo wa watu wasio na kazi nyingi. Kanisa lilichekwa kwa sababu lilionekana imara, na mtu hachelei kuutikisa mti asiodhani kwamba utaanguka. Inasikitisha kwamba sehemu nyingi za mfululizo huo zilifutwa, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule ya kutumia tena kanda za picha.

Miaka zaidi ya ishirini baadaye, hali ilikuwa tofauti kabisa. Tarehe 11 Novemba 1992 Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza ilikutana London kuamua kama wanawake wapewe daraja la ukasisi. Theluthi mbili za kura zilihitajika katika kila moja ya mabaraza matatu. Maaskofu waliunga mkono kwa kura 39 dhidi ya 13, makasisi kwa 176 dhidi ya 74, na walei kwa 169 dhidi ya 82. Laiti walei wawili tu wangaligeuza kura zao, azimio lote lingalianguka. Tarehe 12 Machi 1994, katika kanisa kuu la Bristol, Askofu Barry Rogerson aliwawekea mikono wanawake 32 wa kwanza. Upande wa pili, mapadri mia kadhaa waliacha kazi zao kwa kutoweza kuukubali uamuzi huo.

Miezi minane baada ya ibada ile ya Bristol, tarehe 10 Novemba 1994, BBC ilianza kuonyesha The Vicar of Dibley. Mtungaji wake mkuu, Richard Curtis, alishauriana na Joy Carroll, mmoja wa wanawake waliopata ukasisi mwaka ule ule. Kisa chenyewe ni chepesi. Kasisi mzee wa kijiji cha Dibley amefariki. Wanakijiji wanamngoja mrithi wake. Mlango unafunguliwa, na anayeingia ni Geraldine, mwanamke mnene, mcheshi, mpenda chokoleti, aliyeigizwa na Dawn French. David Horton, tajiri na mwenyekiti wa baraza la kijiji, anaapa kumwondoa.

Hapa yafaa tutue kidogo juu ya lugha. Wanakijiji wa Dibley walimngoja mwanamume kwa sababu hawakuwa wamewahi kufikiri vinginevyo, na Kiingereza, kwa viwakilishi vyake vinavyotenganisha mume na mke, kilikuwa kimeizoesha akili yao hivyo. Kwa Kifaransa, ambacho wasomaji wetu wengi wanakijua, ugumu ni mkubwa zaidi, maana hata kibainishi kinachotangulia jina la cheo hudai kujua jinsia. Kiswahili hakidai hivyo. Tukisema «kasisi mpya amefika, anataka kutusalimia», hakuna chochote katika sentensi hiyo kinachotuambia kama ni mume au mke. Neno «padri», ambalo Wareno walituachia kwa maana ya baba, lina uzito wake wa kiume. Lakini ngeli ya watu humpokea yeyote. Si kwamba sarufi huleta haki, kwani tungekuwa tumekwisha kuipata zamani. Ni kwamba sarufi yetu haikuufunga mlango.

Na kwa kweli mlango huo ulifunguliwa upande wetu mapema. Mwaka 1983, miaka kumi na mmoja kabla ya ibada ya Bristol, Askofu Festo Kivengere aliwapa wanawake watatu daraja la ukasisi katika dayosisi ya Kigezi, nchini Uganda. Jambo hili linatugusa kwa karibu, maana Waanglikana wa Kongo ni watoto wa Kanisa la Uganda: ni Apolo Kivebulaya, Mganda, aliyefika Boga mwaka 1896 na kuanza kuhubiri huko. Hivyo, kile ambacho watazamaji wa Uingereza walikiona mwaka 1994 kuwa ni mwujiza wa kuchekesha, milima ya Kigezi ilikuwa imekwisha kukizoea.

Turudi Dibley. Ustadi wa futuhi hii ni kwamba kicheko hakikumwelekea kasisi, bali kiliwaelekea wale waliomshangaa. Geraldine ndiye mwenye akili timamu kijijini. Wengine wote wana vituko vyao. Kadiri miaka ilivyoendelea, hata Horton alilainika. Mtazamaji aliyekuwa na wasiwasi juu ya mwanamke madhabahuni alijikuta, pasipo kuhubiriwa, amekaa upande wake. Sehemu za mwisho za kisa, zilizoonyeshwa Krismasi ya 2006 na siku ya kwanza ya 2007, zilitazamwa na watu zaidi ya milioni 10. Hakuna risala ya askofu iliyowahi kupata wasomaji wengi kiasi hicho.

Lakini sifa hiyo isitufanye tufumbe macho. Katika sehemu iliyoonyeshwa tarehe 1 Januari 2005, mwaka wa kampeni kubwa dhidi ya umaskini duniani, Geraldine anawaonyesha wanakijiji filamu ya watoto yatima wa Afrika. Kicheko kinakoma, watu wanakaa kimya, wamevaa vikuku vyeupe. Nia ilikuwa njema, hatuna shaka. Hata hivyo, Mwafrika aliingia Dibley akiwa picha ya kuhurumiwa, si jirani wa kutaniwa. Mtani hutaniwa kwa sababu ni sawa nawe. Anayehurumiwa tu hana nafasi katika utani. Kama mmoja wa wanawake wale wa Kigezi angeliingia kanisani mle, pengine wanakijiji wangepata la kujifunza, na sisi tungepata la kucheka.

Futuhi ya tatu, iitwayo Rev., ilianza mwaka 2010 na kumalizika mwaka 2014. Tom Hollander aliigiza kasisi Adam Smallbone, aliyetoka parokia ya shamba na kupelekwa mashariki mwa London, katika kanisa kubwa la kale lenye waumini wachache. Huko anakutana na walevi wanaogonga mlango usiku, na wazazi wanaojifanya waumini ili watoto wao wapate nafasi katika shule ya kanisa. Juu yake yuko archidikoni, ambaye kila ajapo huuliza habari za fedha na idadi ya watu. Adam anakunywa, anavuta sigara, anagombana na mkewe, kisha anasali, nasi tunaisikia sala yake moyoni. Mwishoni kanisa lake linafungwa.

Tukizilinganisha futuhi hizi tatu, tunaona mwendo wa historia. Mwaka 1966 kilichochekwa kilikuwa starehe ya Kanisa lenye nguvu. Mwaka 1994 ilikuwa hofu ya watu mbele ya mabadiliko. Mwaka 2010 ilikuwa upweke wa mtumishi katika nyumba inayobaki tupu. Kadiri Kanisa lilivyozidi kudhoofika, ndivyo kicheko kilivyozidi kuwa na huruma. Waliomcheka askofu wa 1966 hawakumwonea huruma, maana hakuihitaji. Waliomcheka Adam walikuwa karibu kulia pamoja naye.

Mambo mengine yalifuata. Mwaka 2012 walei wa Sinodi Kuu waliukataa uaskofu wa wanawake. Mwaka 2014 waliukubali. Januari 2015 Libby Lane akawekwa wakfu mjini York. Mwezi wa Oktoba 2025 Sarah Mullally aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho. Hatuwezi kudai kwamba televisheni ndiyo iliyoyaleta haya. Yaliletwa na kura, na kabla ya kura, na wanawake waliohudumu miaka mingi pasipo cheo. Futuhi haikupiga kura. Ilichofanya ni kuwazoesha watu, kwa miaka kumi na mitatu, kuiona sura ya kasisi mwanamke sebuleni mwao pasipo kushtuka.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili: kicheko kile hakikulibomoa Kanisa la Uingereza, wala hakikuweza kulijaza watu. Kilikaa mahali pa mtani. Kilisema hadharani yale ambayo waumini waliyasema kwa kunong'ona, na wakati kanisa la Adam lilipofungwa, mtani hakukimbia. Alibaki pale na jembe lake mkononi.