Maharage yatambaayo: Ujue kwanza mwinuko wa bustani yako

MAHARAGE yanayotambaa juu ya miti humfaa sana mtu mwenye eneo dogo nyumbani. Badala ya kuenea ardhini hupanda juu, huendelea kutoa maua na maganda kwa wiki nyingi, na eneo lilelile linaweza kuzaa mara mbili au zaidi ya maharage mafupi.

Hata hivyo, wengi wanaoyapanda mijini huambulia majani matupu. Lawama hutupiwa mbegu, udongo au wadudu, ilhali mara nyingi kosa lilitendeka siku ya kuchagua mbegu: mpandaji hakujiuliza bustani yake iko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari.

Bonde la Kilombero mkoani Morogoro ni mfano mzuri. Mji wa Ifakara uko chini ya mita 300, kwenye tambarare yenye joto. Masagati iko kusini-magharibi mwa bonde hilohilo, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, ambako ardhi huanza kuinuka kuelekea milima ya Njombe.

Chukua mfano wa mama aliyehamia Ifakara na kibuyu cha mbegu alizozoea kupanda huko milimani. Atazipanda, zitaota vizuri na kupanda miti hadi juu. Maua yatachanua, kisha yatapukutika bila kuacha ganda hata moja. Msimu utapita, na mboga aliyoitegemea kwa watoto itabidi ainunue sokoni.

Joto na maua

Maharage ya kawaida hustawi zaidi kwenye nyuzi joto 16 hadi 25 za Selsiasi. Mchana unapozidi nyuzi 30, na hasa usiku unapokuwa wa joto, chavua hudhoofika na maua huanguka. Ndiyo maana maeneo yanayopendekezwa kwa zao hili nchini ni yale ya mita 900 hadi 2,000 hivi.

Aina zinazotambaa hudhurika zaidi, kwa sababu nyingi zilichaguliwa kwenye nyanda za juu zenye ubaridi na huchukua miezi mitatu na nusu au minne kukomaa. Rwanda iliyaeneza sana tangu miaka ya 1980, kwa aina kama Umubano yenye asili ya Mexico, kwa vile milima yake ina ubaridi na mashamba ya wakulima ni madogo. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kilitoa aina za Kenya Tamu, Kenya Safi na Kenya Mavuno.

Yapo pia maharage makubwa ya maua mekundu au meupe, ambayo kitaalamu huitwa Phaseolus coccineus, yanayopendwa sana Uingereza. Hayo hutaka ubaridi zaidi na huhitaji nyuki ili yashike maganda. Aina nyingi za Ulaya hungoja mchana mrefu ndipo zichanue. Wakulima wa Kenya wanaoziuza nje hulazimika kuwasha taa mashambani usiku. Anayeletewa pakiti ya mbegu hizo na ndugu aliyeko London asitarajie mavuno Ifakara.

Upande nini?

Kwa bustani iliyo juu ya mita 1,000 hivi, panda aina zinazotambaa. Weka mbegu moja au mbili kwa shimo, kina cha sentimita 3 hadi 5. Acha sentimita 20 hadi 25 kati ya shimo na shimo, na sentimita 75 kati ya mistari. Simika miti yenye urefu wa mita 2 au zaidi kabla mimea haijaanza kutafuta pa kushika. Mianzi, matete na matawi ya misaji uliyopogoa yanatosha. Hakuna sababu ya kukata miti michanga msituni. Wengine hutumia mahindi kama miti, na huyatanguliza kwa wiki mbili au tatu.

Kwa bustani ya tambarare, achana na aina zinazotambaa. Panda maharage mafupi yanayokomaa mapema, na uyapande kwa wakati wake. Mvua za Kilombero huwa nyingi zaidi Machi na Aprili, na maharage hayavumilii maji yanayotuama. Subiri zipungue, upande Mei hadi mwanzoni mwa Juni, ili maua yachanue katika miezi ya ubaridi. Tumia matuta na unyevu uliobaki ardhini, huku ukimwagilia kidogo.

Aina fupi zilizotolewa nchini ni pamoja na Lyamungu 90 na Jesca za kanda ya kaskazini, na SUA 90 na Rojo za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Anza na kilo moja, ulinganishe aina mbili kwa msimu mmoja kabla ya kupanda eneo lote.

Anayetaka mmea wa kutambaa kwenye ua wake huko Ifakara apande fiwi, zile zenye mstari mweupe pembeni mwa mbegu. Fiwi huvumilia joto na ukame. Kunde nazo huzaa vizuri bondeni, na majani yake ni mboga.

Matunzo

Samadi iliyooza na mbolea ya fosfeti kama Minjingu husaidia mizizi na maganda. Urea nyingi huleta majani kuliko maharage. Wiki za kwanza chunguza inzi wa maharage, ambaye funza wake hutoboa shina karibu na udongo. Inulia udongo kwenye mashina ili mizizi mipya itokeze. Mimea yenye batobato ing'olewe, na mbegu zisichukuliwe kwenye maganda yenye madoa ya ndui.

Maharage ya kawaida hujichavusha yenyewe, hivyo mbegu uliyohifadhi hubaki na tabia ya mama yake. Chagua mimea yenye afya ingali shambani, kausha vizuri, kisha hifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa ili wadudu wa ghalani wasishambulie.

Jikoni pia kuna tahadhari. Maharage mabichi yaliyokomaa, hasa mekundu, yana sumu inayosababisha kutapika na kuharisha. Loweka saa tano au zaidi, mwaga maji hayo, kisha yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Moto mdogo peke yake hauiondoi sumu hiyo. Fiwi zilizokauka nazo zichemshwe na maji yake yamwagwe.

Kwa hiyo, kabla ya kuvutiwa na rangi ya mbegu sokoni, muulize muuzaji zimetoka wapi. Zikiwa zimetoka milimani na bustani yako iko bondeni, zipike. Za kupanda zitafute kwa jirani aliyevuna mtaani kwako.