Ugonjwa wa Pompe: wakati sukari inajaa ndani ya moyo wa mutoto

Mutoto anazaliwa bila shida. Kisha miezi michache, mama anaona kama nguvu haiko: kichwa kinaanguka nyuma, miguu inalegea, kunyonya kunamuchokesha, anapumua mbiombio. Watu wanasema ni bwaki, wengine ni homa ya mapafu. Lakini wakipiga picha ya kifua, moyo unaonekana mukubwa kupita kiasi.

Moyo mukubwa uko na sababu nyingi. Moja, ambayo ni nadra sana, ni ugonjwa wa Pompe. Munganga Mholanzi Joannes Cassianus Pompe aliueleza mwaka 1932, kisha kuchunguza maiti ya mutoto musichana wa miezi 7. Musuli wa moyo wake ulijaa glikojeni, ile sukari ambayo mwili unaweka kama akiba. Mwaka 1963, Henri-Géry Hers, wa Louvain kule Ubelgiji, alionyesha sababu: enzime moja inayovunja glikojeni inakosekana.

Basi glikojeni inarundikana. Ukuta wa moyo unanenepa, nafasi ya damu inapunguka, na moyo unashindwa kusukuma. Mapigo yake pia yanaweza kuharibika, zaidi wakati mutoto analazwa usingizi kwa ajili ya kupasuliwa. Njo maana munganga wa usingizi anapaswa kujulishwa mbele. Bila dawa, wengi hawamalizi mwaka mumoja. Wale ambao ugonjwa unawaanza wakiwa wakubwa, kwa kawaida moyo wao unabaki salama. Wanasumbuka na musuli wa mapaja na kupumua.

Ugonjwa huu unatoka kwa baba na mama wote wawili, kila mumoja akibeba jeni yenye kasoro bila kuugua. Kwa kila mimba, hatari ni 1 juu ya 4. Kwetu, watoto wawili wakikufa hivi, mara nyingi ni mama njo anashitakiwa, ao bibi muzee anaitwa mulozi. Ni kuwaonea bure. Na usiseme ni ugonjwa wa wazungu: mwaka 1998 watafiti walionyesha kama kasoro moja ya jeni, inayopatikana sana kwa Wamarekani weusi wenye Pompe, asili yake ni Afrika.

Tangu 2006 kuko dawa: enzime yenyewe, inayotiwa katika mushipa kila wiki mbili, maisha yote. Ikianza mapema, ukuta wa moyo unaweza kupunguka unene ndani ya miezi. Lakini bei yake inapita kabisa uwezo wa familia zetu.

Hata hivyo kujua kuna faida kwa mimba zinazofuata. Muulize munganga juu ya eko ya moyo. Kupima enzime kunaweza kufanywa na matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi maalum, ambayo inaweza kutumwa kwenye laboratware ya mbali.