UZI: Jengo wanatuahidi, sindano je?

Kila kampeni hapa Kongowea tunaahidiwa hospitali mpya. Sawa, makofi. Lakini wadau, kumbukeni Yambuku, Zaire, 1976. Hospitali ilikuwepo, vitanda 120. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano tu. Akitoka mmoja, sindano yasuuzwa kwa maji ya vuguvugu, anadungwa mwengine. Mtu kaenda na homa yake, karudi na Ebola. Waliougua 318, waliokufa 280. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walifariki. Ilipofungwa ndipo maradhi yakaanza kupungua. Hospitali hiyo, jamani!

Tangu 2013 hospitali zetu nyingi ziko mikononi mwa kaunti. Basi bajeti ikisomwa, tuulize: glavu, sabuni na maji zimetengewa shilingi ngapi?